Jiwe la Bwana Miti Katika Kona ya Shamba Letu

Mimi ni mtu wa nyumbani. Tulipomaliza kidato cha nne, wenzangu walikimbilia Malaba kuwajazia madereva wa malori makaratasi ya forodha, wengine wakafika hadi Nairobi. Mimi nilifika Amagoro, nikanunua sabuni, nikarudi. Basi watu wa foresta, wale wa idara ya misitu, walipoipenda kona ya shamba letu, wakasimamisha hapo jiwe la kumkumbuka Bwana Miti, mzungu aliyeanzisha msitu wa mikaratusi enzi za ukoloni, mlinzi alipatikana bila kutafutwa. Nikapewa amri: ng'ombe asifungwe hapo, na mtu asichimbe hata kwa kijiti, atafungwa yeye.

Mashimo ya kupandia miti ya msitu ule aliyachimba baba na wenzake, kwa lazima. Jiwe halikuwataja.

Mwaka uliofuata nikapata mchumba kutoka Kocholia. Shangazi zake wawili wakaja kukagua boma. Waliangalia ghala, kisima, hata choo, wakaridhika. Halafu wakaliona jiwe.

"Hapa amelala nani?" akauliza shangazi mkubwa.

"Hakuna mtu, mama. Ni kumbukumbu tu." Kisha, kwa kiherehere cha shule, nikawasomea maandishi yote, mpaka mwaka aliokufa.

"Alifia wapi?"

"Kwao Ulaya. Na huko ndiko alikozikwa."

Wakatazamana. Kwetu, mtu akifia mbali na maiti isirudi, huzikwa shina la mgomba badala yake, na hilo ni kaburi kamili, lina matanga yake na machozi yake.

"Kwa hivyo hapa mlizika mgomba," akasema shangazi mdogo.

"Sio mgomba."

"Mlizika nini?"

Ningenyamaza tu. Lakini shimo lilichimbwa nikiangalia, na uongo hunitoa jasho. "Kopo," nikasema. "La mbegu za miti yake."

"Ahaa," akasema mkubwa, kama daktari aliyegusa jipu.

Msichana wao, wakasema, hawezi kuolewa katika boma lenye maiti isiyoliliwa. Jiwe litoke, kopo lifukuliwe. Nikasema nikifukua nitafungwa. Basi hamisha nyumba, wakasema. Kuhama, mimi, ambaye nikilala kwa mjomba siku mbili tu naanza kuota kuku wetu. Kila mlango nilioushika ulikuwa umefungwa kwa nje.

"Basi aliliwe," mkubwa akakata shauri. "Alikuwa na mtoto hapa?"

"Hana."

"Nani hufagia hili jiwe?"

Nikainua mkono kama niko darasani.

"Basi wewe ndiye mtoto wake. Ukimaliza matanga, bibi utapata."

Siku tatu nilikaa kando ya jiwe kwenye kigoda, nikipokea pole. Majirani walikuja kwa ajili ya chai na kwa ajili ya kunicheka.

"Pole, msomi, kwa kumpoteza mzee," mmoja akaniambia kwa uso mkavu. "Na kule Ulaya amekuachia ng'ombe wangapi?"

Siku ya tatu, siku ya kunyoa wafiwa, baba alikataa mtu mwingine ashike wembe. Akaninyoa mwenyewe, polepole, mkono wake mgumu ukiwa umeshika kichwa changu kisigeuke.

"Mimi alinichimbisha mashimo," akasema. "Wewe amekunyoa. Mjukuu wangu sijui atamfanya nini."

Watu wakacheka. Mimi nilitazama chini, nywele zangu zimetapakaa pale lilipozikwa kopo la mbegu, na sikucheka.

Shangazi mkubwa akapapasa kipara changu, akaridhika. "Msichana atakuja baada ya mavuno. Ila mtoto wa marehemu hatoki bomani mpaka mwaka uishe."

"Hata Amagoro, mama? Sabuni inaisha."

"Utatuma mtu."

Ndipo, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikatamani sana kuiona Nairobi.