Mfereji wa Papa Ngoy

Kila Jumamosi, firimbi ya salongo, kazi ya pamoja ya mtaa, ilipolia, watu wa avenue walitoka na majembe, naye Papa Ngoy, shefu wao, akawagawia kazi. Vijana walichimba, wazee walisema. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Mwezi wa tisa ulichimbwa mfereji wa kushusha maji ya mvua kutoka mlimani. Mujinga, binti wa miaka kumi na tisa aliyepata diploma ya Serikali ya kumaliza sekondari mwaka ule, aliweka jembe chini.

"Papa Shefu, tusichimbe wima. Maji yatapata mbio, yatakula udongo. Tuukingamishe mufereji, ukate mulima kwa upande."

"Mutoto wa juzi! Umeona mvua ngapi, weye?"

"Ameona ya kwenye kitabu, haijamulowesha!" akadakia Basile, mmoja wa wachimbaji, na watu wakacheka hadi wakaegemea majembe.

Mfereji ukachimbwa wima. Mwezi wa kumi na moja, mvua moja tu iliugeuza korongo, likabeba jiko la Mama Léonie, mjane, na nusu ya nyumba yake. Watu walisema ni mapenzi ya Mungu. Papa Ngoy aliitikia pamoja nao. Miaka kumi na miwili alikuwa amefanya kazi ya njia ya reli upande wa Nyunzu, na kila mlima aliukingamishia mitaro kwa mikono yake. Alijua tangu Mujinga alipofungua kinywa. Ila aliyesema alikuwa mtoto, tena binti, mbele ya wanaume. Na kumsingizia Mungu kosa lako ni kuongeza dhambi juu ya dhambi.

Jumamosi iliyofuata firimbi alimpa Mujinga.

"Papa, kama njo huruma, sitaki."

"Si huruma. Ulikuwa na haki, nikakuzomea." Akawageukia watu. "Musikie wote: nilijua."

Kisha Mama Léonie akauliza polepole, "Ulijua, na mimi niko mule ndani na wajukuu?"

Papa Ngoy akachukua jembe, akasimama upande wa wachimbaji.

Mujinga akaupima mlima kwa macho, akachomeka vijiti vya kuonyesha njia ya mfereji mpya, kimoja baada ya kingine, hadi kimoja kikaingia katika shamba la muhogo la Papa Ngoy.

"Hata hapa?" akauliza Basile, safari hii bila kucheka.

"Uliza mwenye firimbi," akasema Papa Ngoy.

"Ni hapa," akasema Mujinga.

Papa Ngoy akainama, akang'oa shina la kwanza. Muhogo ulikuwa bado mchanga, haufai kitu. Majani yake akayakusanya, akampelekea Mama Léonie apike sombe. Mama akayapokea bila kumtazama.