Kreti ya Soda na Jina la Mama

Juma lililopita nilirudi Kawangware nikiwa nimebeba santuri moja ndani ya mfuko wa unga. Usicheke. Bahasha yake ya karatasi ilinyeshewa zamani ikaoza, na tangu hapo sijapata kitu kinachoitunza vizuri kuliko mfuko wa unga uliokung'utwa ukawa mtupu.

Nilikuwa naelekea kituo cha 46, kwa kijana mmoja mwenye studio nyuma ya kinyozi, chumba cha mabati kilichobandikwa magodoro ukutani. Mimi mwenyewe ni mwanamuziki, kama hujui. Napiga gitaa la umeme, muziki wa makelele ambao wenyewe tunauita roki na majirani zangu wanauita wanavyojua wao. Najirekodi mwenyewe, nauza nyimbo zangu mwenyewe, na kanuni yangu wanaijua wote: tunarekodi mara moja, na kikohozi kikiingia kibaki humo humo. Vijana wengi wa studio hunikimbia kwa sababu hiyo. Huyu hakunikimbia. Aliishika santuri kwa ncha za vidole kama mtu aliyepewa yai, akaigeuza kwenye mwanga.

“Mathe, hii imekwaruzwa noma. Lakini niko na programu inaeza tenganisha sauti. Gitaa kivyake, besi kivyake, hata nyinyi mnaoimba, kila mtu kivyake. Nikufanyie?”

Ulimi wangu ulikuwa tayari kusema hapana. Miaka yote nimekataa kusafishiwa wimbo. Lakini ndani ya santuri ile kuna mahali, kama sekunde tatu hivi, pamenilalia kifuani tangu nilipokuwa na miaka tisa. Nikamwambia afanye. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki, na mashine yake ilipokuwa ikihangaika, mimi nilikuwa nimesharudi utotoni, mtaa wa Laini Saba.

Tulikaa chumba kimoja, hatua chache kutoka reli. Baba alikuwa fundi wa viti. Alifanya kazi nje, chini ya paa la mabati alilolisimamisha mwenyewe, na harufu ya mbao mbichi ilitufuata mpaka kitandani. Mama alikaanga omena na mandazi kando yake. Jioni baba akishaweka randa chini alichukua gitaa, na mama, bila kuinua macho kutoka kwenye karai, alimwitikia. Hivyo ndivyo nilivyoujua muziki, kama kitu kinachofanywa mikono ikiwa na unga. Gari moshi likipita walinyamaza katikati ya neno, baba vidole vyake vikiwa bado juu ya nyuzi. “Ngoja mwenye njia apite,” alikuwa akisema. Behewa la mwisho likishapita wanaendelea palepale walipoachia, wala hawakuhesabu mapigo ya kuanzia.

Wimbo mpya siku hizo ulitafutwa kwa miguu. Hatukuwa na santuri wala cha kuichezea. Jirani yetu, mpiga besi wa baba, alikuwa na redio, lakini betri zake alizianika juani zaidi ya alivyozitumia. Kwa hiyo Jumamosi baada ya kufua, sisi watoto tulitembea mpaka Kawangware, kwenye baa ya mwenye ploti mmoja aliyefungia spika mlangoni kuelekea barabarani. Tulisimama ng'ambo, mahindi ya kuchoma mkononi, tukaukariri wimbo mzima kabla haujageuzwa. Maana nyimbo ziligeuzwa: upande wa kwanza waimbaji wanaimba taratibu, kisha kila kitu kinakatika, mtu anageuza santuri, na upande wa pili magitaa yanapandisha mbio. Ule muda wa kugeuza ulikuwa mtamu kuliko wimbo. Barabara nzima ilisubiri.

Na kabla tu ya kugeuza, ndipo watu walipotajwa. Utaratibu ulikuwa huo: mtu akikusaidia, unamtaja jina ndani ya wimbo, na jina la mkubwa wao huwekwa pale mwishoni mwa upande wa kwanza, ili libaki likining'inia masikioni mwa watu wakati santuri inageuzwa. Hakuna aliyeona aibu. Baba, kwenye nyimbo zake za jioni, alishawataja wenye lori, mwalimu mkuu, hata daktari wa meno. Kutajwa kulishinda kupigwa picha.

Kisha mama akafa. Aliugua siku chache tu za mvua. Tulimpeleka kwao, ziwani, na pale kaburini waombolezaji walimwita kwa jina mmoja mmoja, kwa sauti ya juu, kama mtu anayeitwa kutoka ng'ambo ya mto. Mimi nilishindwa. Tuliporudi Nairobi tukiwa na nyanya yangu, baba alikaa miezi bila kugusa gitaa, na siku alipoligusa alikuwa tayari na wimbo. Mwishoni mwa upande wa kwanza aliacha nafasi tupu. Akaniambia, “Hapo ndipo utamwita.” Nikamwita. Niliweza. Kila jioni niliweza, huku nyanya akichochea sufuria yake ya nyoyo, mahindi na maharagwe, akitikisa kichwa. “Marehemu akitajwa, hakai mbali na moto,” alikuwa akisema.

Mwenye ploti wa Kawangware aliusikia wimbo huo siku alipokuja kuchukua viti vya baa yake. Alikuwa mzee mpana, mwenye ardhi tangu babu yake, na hakuwa mtu mbaya, nataka uelewe hivyo. Alivua kofia mpaka wimbo ukaisha. Akasema ana rafiki mwenye chumba cha kurekodia mjini, na atatusimamia kila kitu.

“Lakini ile mahali umewacha wazi,” alisema, “hapo ndio jina yangu iingie. Si ni haki?”

Ilikuwa haki. Jirani yetu wa besi karibu aruke, alikuwa amesubiri santuri maisha yake yote. Baba alitazama viti vyake. Akasema, “Sawa, mzee.” Nyanya akasema kitu kimoja tu, wageni walipoondoka: “Wewe unatengeneza viti. Unajua kiti kikiwa na mwenyewe hakiuzwi.”

Tulienda mjini asubuhi ya siku ya kazi, mimi nikiwa nimevaa sare ya shule kwa sababu ndiyo nguo yangu iliyokuwa nzima. Chumba kilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa, ukuta umebandikwa trei za mayai. Kipaza sauti kilikuwa kimoja, kikining'inia katikati. Sikukifikia, kwa hiyo fundi wa mitambo alileta kreti ya soda akanisimamisha juu yake, mdomo wangu ukawa karibu kabisa. Baba alisimama nyuma yangu na gitaa lake, mbali kidogo, ili nyuzi zisinizidi. Maagizo nilipewa mara tatu njiani na mara moja pale juu ya kreti, na jirani ndiye aliyeyarudia zaidi: “Pale kwa nafasi, wewe nyamaza. Baba yako ndiye atataja mzee. Umesikia?”

Nilisikia. Taa nyekundu ikawaka, tukaimba. Upande wa kwanza ulikwenda vizuri mpaka nikasahau kwamba tuko ghorofani. Nyuzi zikatulia. Nafasi ikafika. Na mimi nikamwita mama.

Mpaka leo sijui kama nilisahau au nilikataa. Najua tu kwamba nilisikia baba akitoa sauti nyuma yangu wakati uleule, na kwamba sikusikia alichosema, maana sauti yangu ilinijaa kichwani. Taa ikazimika. Fundi wa mitambo hakuijua lugha yetu. Kwake yeye sauti zilikuwa safi, hakuna aliyekohoa. “Muda uko,” alisema kupitia kioo. “Turudie ama iko sawa?”

Jirani alimwangalia baba. Mimi nilikuwa natetemeka juu ya kreti mpaka chupa zilizokuwa ndani zinalia. Baba alinitazama.

“Iko sawa,” akasema.

Santuri zilipotoka, mwenye ploti alialika watu Jumamosi mchana. Kulikuwa na supu ya mbuzi, na safari hii sisi watoto tuliketi ndani. Akaiweka santuri mwenyewe. Nafasi ilipofika, yeye alikuwa ameshatabasamu tayari. Ikatoka sauti ya mtoto ikimwita mwanamke. Chini yake kulikuwa na sauti ya mwanamume, lakini haikusikika inasema nini. Mzee akafikiri pengine jina lake liko upande wa pili. Akainuka, akageuza santuri, akasikiliza magitaa mpaka mwisho, kichwa kimeinama, wageni wote wakimtazama. Ningetamani angepiga kelele.

“Fundi,” alisema, “na mimi niko wapi hapa?”

“Ni mimi, mzee. Mimi ndiye niliyekosea,” baba akajibu.

“Si yeye!” jirani alidakia. “Jina yako iko hapo mzee, mtoto ameikalia. Tulimwambia anyamaze!”

“Nimesema ni mimi.”

“Unamfunika tu mtoto.”

Mzee aliinua mkono wakanyamaza. “Mimi siwezi kataza mtu kulilia bibi yake,” alisema polepole. “Lakini ungeniambia mbele. Ningeelewa. Sasa umeniketisha hapa na watu wangu.” Akaitoa santuri, akampa baba mkononi. Masanduku ya santuri nyingine yalibaki stoo yake, na nasikia miaka ilivyokwenda walipangia kreti za bia juu yake. Hakuna duka lililoiuza. Ulimwenguni, ninavyojua mimi, imebaki hii moja iliyo kwenye mfuko wa unga.

Jirani alihamia mtaa wa pili, Lindi, kabla mwezi haujaisha. Nilipokutana naye njiani alinipisha kwa heshima ya kuchoma: “Pita, mwenye wimbo.” Baba hakurekodi tena. Watu walimwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, naye aliwakubalia, akaendelea na viti. Jioni aliendelea kupiga, nami niliendelea kuitikia, lakini nikifika pale kwenye nafasi moyo ulikuwa ukinidunda kama wa mwizi. Nilikuwa nimemzika baba akiwa hai. Niliamini hivyo, wala usinibishie, nilikuwa mtoto, na nilipokuwa mtu mzima niliamini vilevile.

Watu wakiniuliza kwa nini sirudii rekodi, nawaambia ni msimamo. Ni kweli, lakini si kweli yote. Siwezi kusikia neno “turudie” bila magoti yangu kukumbuka kreti.

Nilimkabili baba mara moja tu, mimi nikiwa tayari na watoto wangu, yeye mgongo umepinda juu ya randa. Nikamwambia, “Baba, siku ile nilikuharibia.” Hakuinua kichwa. “Nilishasema ni mimi. Nyinyi hamsikii.” Nikaona ni ule wema wake tu, wema uleule wa pale baa, nikaenda nyuma ya nyumba nikalia. Alikufa mwaka uliofuata, na santuri tuliikuta juu ya dari, imefungwa kwa shati.

“Mathe. Iko ready.”

Kijana alinivalisha spika za masikioni. Nilikuwa nimepitia pale ilipokuwa baa nikija: sasa ni jengo la ghorofa tano, nguo zimeanikwa kila dirisha, na ng'ambo tuliposimama na mahindi yetu hakuna pa kusimama tena. Siku hizi wimbo mpya hunijia kitandani kwa simu, sijaosha hata uso, na nikishausikia nausahau kabla ya chai. Sisemi ni vibaya. Nasema miguu yangu ilikuwa inajua nyimbo, na sasa haijui.

Alinichezea gitaa kwanza, peke yake. Nikasikia ukucha wa baba kwenye waya, ule uliopasuliwa na patasi. Kisha besi. Jirani alikuwa mzuri kuliko nilivyomkumbuka. Alikuwa na haki yake ya kukasirika. Kisha mimi, sauti nyembamba kama sindano, nikimwita mama yangu.

“Sasa nakutoa wewe,” kijana alisema. “Tuskie nani alikuwa chini yako.”

Nafasi ikafika tena. Nyuzi zikatulia. Kutoka mbali, kwa sauti iliyokauka kidogo, baba akaita jina.

Halikuwa jina la mwenye ploti. Alimwita mama. Alimwita wakati uleule, kwa pumzi ileile niliyovuta mimi, na kama ningekuwa nimenyamaza nilivyoagizwa, santuri ingesema vilevile. Miaka yote alituambia ukweli mtupu, na sisi sote, pamoja na mimi niliyetoka kiunoni mwake, tuliuchukua kuwa huruma.

Nililia mbele ya kijana wa watu bila haya. Naye, kwa adabu, alijifanya anahangaika na waya. Baada ya kitambo akauliza, “Mathe, niipandishe hii ya mzee? Naeza iweka mbele, nikushushe wewe kidogo, ndio isikike poa.”

“Hapana,” nilimwambia. “Irudishe palepale alipokuwa. Nyuma yangu.”