Mwanzi wa Marehemu Wagiman

Kila bahari ilipoingia ndani, Bibi Sutinah alijaza udongo akainua sakafu. Paa lilibaki palepale. Mlango ukawa mfupi, na kila aliyeingia ilimbidi ainame.

"Nyumba yangu inafundisha adabu," alitania. "Hata diwani huniinamia."

Mwanawe Prayit alikuwa amemwandalia chumba mjini Semarang. Bibi alikataa kwa jambo moja tu. Mumewe, Wagiman, alizikwa pale kijijini, na makaburi sasa yalikuwa chini ya maji.

"Mtoeni kwanza," alisema, "ndipo nihame."

Upande wa kichwa cha kaburi alisimika mwanzi uwe alama. Kila Shaabani alikwenda kwa mtumbwi, akaushika, akasoma dua, akamwaga maua.

Wanakijiji walikubaliana kuhamisha maiti wao siku ya maji kupwa sana. Siku hiyo walikuwapo wanafunzi wa chuo, waliokuja kujifunza juu ya matatizo makubwa ya dunia. Msichana mmoja, Laras, alimsogelea bibi.

"Bibi, kwako wewe, tatizo kubwa la dunia ni lipi?"

"Dunia siijui, mjukuu wangu. Mimi nataka mzee wangu atoke majini."

Wanaume walichimba chini ya mwanzi. Wakapata tope, kisha tope tena. Tarjo, jirani ya bibi, aliyefuga kome kwenye mianzi majini, aliupapasa mwanzi, vidole vikagusa alama za panga. Akakaa ukingoni mwa mtumbwi.

"Shemeji, huu ni wangu. Alama hizi nilizikata mimi."

"Tarjo, leo usinitanie."

"Wallahi sitanii. Ile dhoruba ya mwaka juzi iling'oa mianzi yote, hata wa kaburi. Huu niliusimika baadaye, wa kufugia kome. Sikujua kama ndio unaousomea dua."

Walijaribu kuchimba hapa na pale, hata maji yakaanza kurudi.

"Kumbe nimewasomea kome dua," alisema bibi.

Hakuna aliyecheka. Laras aligeukia pembeni akajifuta macho.

"Twende tu, Mama," Prayit, aliyekuja kumchukua, alimbembeleza. "Baba ataelewa."

"Ningejua alipo, ningemuaga nikaondoka. Sasa yuko popote humu. Nimpe mgongo upande gani?" Alikung'uta tope kwenye kanga yake. "Nenda wewe, mwanangu. Ukija tena, niletee udongo. Sakafu imeanza kulowa."

Akarudi nyumbani peke yake. Mlangoni akainama, akaingia.