Neno Alilolichagua Mzee Sultani

Kwa miaka ishirini na miwili Mzee Sultani aliandika muhtasari wa mikutano ya kijiji chao, upande wa kusini wa Itigi. Hakushika kalamu bila udhu wala bila bismillahi, kwa kuwa aliamini kwamba malaika wa mabegani nao ni waandishi, na hati yake itakuja kulinganishwa na yao. Ndiye aliyeweka desturi kwamba muhtasari ukishathibitishwa, hapana mkono wa kuugusa.

Siku hiyo alisimama mkutanoni na barua ya kijiji mkononi. Dada yake Hanifa, mjane, alitakiwa kuondoa mizinga yake arobaini ya nyuki vichakani ndani ya siku saba, kwa kuwa ni mvamizi. Mizinga ile ilitundikwa na baba yao kabla kijiji hakijapata hata mhuri.

"Mwenyekiti," alisema, "yule bwana aliyeng'oa vichaka hivyo hivyo kwa trekta apande alizeti, mnamwita mwekezaji. Hanifa hajakata hata tawi, mnamwita mvamizi. Naomba neno hilo lifutwe."

Mwenyekiti Laurian alifunua daftari bila haraka. "Mzee wangu, nisomee hapa. Mwaka juzi, azimio la nne."

Sultani alivaa miwani. "Yeyote mwenye zizi, shamba au mzinga vichakani bila kibali cha maandishi ni mvamizi."

"Mwandiko wa nani?"

"Wa Mzee!" Damari alidakia kutoka benchi la akina mama. "Nani mwingine ana herufi za msahafu?"

Watu wakacheka. Sultani hakucheka. Alikumbuka kwamba siku ile walikuwa wakiwahamisha wafugaji, na mwenyekiti alitamka "wakazi wasio na kibali" tu. Yeye Sultani ndiye aliyeona maneno hayo yamelegea, akatafuta neno lenye uzito, na mkutano ukampigia makofi. Mfugaji Urbano aliuliza, "Mzee, nimezika watoto wawili hapa. Navamia nini?" Swali hilo hakuliandika, kwa sababu swali si azimio.

"Basi tuufute muhtasari uliothibitishwa?" Laurian aliuliza kwa upole. "Utufundishe upya, mzee wangu."

Sultani aliikunja barua.

"Kaka, kaa," Hanifa alisema kutoka nyuma. "Andika tu, watu wana kazi zao."

Akakaa. Akaandika azimio la kumwondoa dada yake, na alipofika kwenye lile neno mkono haukutetemeka, jambo lililomtisha kuliko yote.

Siku ya saba alimshikia kamba huku mizinga ikiteremshwa mmoja mmoja. Nyuki walizunguka panda tupu za miti, wakarudi, wakazunguka tena.

"Na hawa," Hanifa aliuliza, akifuta moshi machoni, "utawaandika nani?"

Sultani aliilegeza kamba, na mzinga wa mwisho ukagusa ardhi.