Mkulima Hakuwa Wangu

Mkulima ni mpiganaji wa gemu, si mtu. Ana kofia ya majani, kitambi cha mzee aliyeshiba na jembe begani, na anatembea kama mwenye vidonda miguuni. Katika ule mchezo wa ngumi tunaocheza nyuma ya kinu changu cha kusaga, hapa Karurumo, yeye ndiye aliyedharauliwa kuliko wote. Gemu yenyewe ni ya miaka ile tulipokuwa shule ya upili. Diski imekwaruzika mpaka inabidi kubembelezwa kwa kitambaa kabla haijakubali kusoma. Zimetoka mpya nyingi tangu hapo, na wapwa zangu hunicheka, lakini sisi hizo mpya hatuzitaki. Tuko watu wazima saba au nane, wenye ndoa na watoto, na Jumapili tukitoka kanisani, kinu kikiwa kimezimwa, tunaketi juu ya magunia na kutwangana.

Naeleza haya mapema ili ujue kwamba nilichokifanya nilikifanya kwa ajili ya mchezo. Kama ingekuwa ni shamba la urithi, labda aibu yangu ingekuwa na heshima kidogo.

Kwetu kuna sheria moja. Ukishamchagua mpiganaji ukamzoea, anakuwa wako. Mwingine akimtaka, hata kwa raundi moja tu, anakuomba, nawe unamkubalia kwa mdomo wako mbele ya wenzako. Watu wa Laare, mahasimu wetu, wanaifuata sheria hiyo hiyo, na hilo ndilo linalotuunganisha, maana Kimeru chao na Kiembu chetu hutulazimisha kukutana katikati, kwenye Kiswahili.

Mkulima alikuwa wa rafiki yangu, mtu wa mbuzi na ndengu kutoka upande wa Ishiara, kule chini kwenye joto. Tulisoma pamoja, na kwa miaka mingi amekuwa akipanda huku kila Jumapili kwa pikipiki. Alimchukua Mkulima kwa sababu sisi tulimcheka.

"Mnamcheka kwa vile anakaa kama mimi," alisema, na hakuwa amekasirika.

Yeye ndiye aliyegundua siri ya lile jembe. Mkulima akiliinua, kila mpinzani huruka nyuma kwa woga. Lakini ukibonyeza chini upesi, kwa kidole gumba, jembe hushuka bila kupiga. Mpinzani anatua huku amelegea, na hapo ndipo unamshushia jembe la kweli. Inataka kidole chepesi na moyo usio na haraka. Alinionyesha mimi peke yangu, siku moja wenzetu walipochelewa ibadani.

"Wewe huna mdomo," aliniambia. "Hii tuwache ikae kati yetu."

Kisha pikipiki ikateleza kwenye kokoto akiteremka kwenda kwao, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Wakamtia chuma na plasta. Muuguzi akamwambia akunje na kukunjua vidole kila siku, la sivyo mkono utakauka na kubaki hivyo. Mkono huo ndio unaokamua, unaolima, unaofunga kamba za mbuzi. Nilimpigia simu Jumapili moja, wenzangu wakiwa wamekaa wakinisubiri tupange kikosi cha kwenda Laare.

"Nafanya mazoezi na kijiko, dada," alisema. "Nabonyeza kijiko kama pedi ya gemu. Hao madaktari hawajui, lakini kitu inaniamsha asubuhi ni huyo Mkulima. Wacha nipone nirudi kwake."

"Pona haraka," nikamjibu.

Nikakata simu, nikawageukia wenzangu, nikasema, "Amesema nimtumie Mkulima kule Laare."

Nilisema bila hata kukohoa. Mmoja wetu, anayeuza spea za baiskeli, alikunja uso. "Si ungeweka spika tusikie mwenyewe?"

"Simu imekatika," nikasema. Kila mtu alijua mimi na yeye tulivyo, kwa hiyo hakuna aliyeuliza tena.

Sina kisingizio cha maana. Nilitaka kushinda. Laare walikuwa wametupiga kila mara, na atakayeshinda ndiye anayeandaa mashindano yanayofuata kwake. Miaka yote sisi ndio tuliokuwa tukifunga safari hadi kwao Nyambene, tukicheza katika banda lao la kufungia miraa, majani ya migomba yametandazwa sakafuni, wakituonea huruma kama wageni wa kijijini. Nilitaka waje kwangu. Nilitaka wakae kwenye magunia yangu wafute unga suruali zao. Mpiganaji wangu, yule msichana wa nywele ndefu, walishamsoma mpaka wakamaliza. Mkulima hawakuwa wanamjua hivyo. Rafiki yangu alikuwa hajawahi kuitumia ile hila mbele yao, alikuwa akiitunza.

Mimi niliitumia siku ile yote. Bingwa wao hufunga miraa tangu alfajiri, na vidole vyake ni vyepesi ajabu, lakini kila nilipoinua jembe aliruka, na kila alipotua nilikuwa namngoja. Banda likapiga kelele. Watu wakatoa simu wakarekodi, nami nikavimba kichwa, nikarudia hila ile hata pale isipohitajika, ili waione vizuri. Huo ndio upumbavu unaonichoma zaidi. Wizi ni wizi, lakini mimi niliiba kisha nikaanika mali ya mwenyewe sokoni.

Simu ya rafiki yangu ni kabambe, ile ndogo ya vibonyezo, haifungui video. Nilimwambia tu kwamba tumeshinda. Aliponiuliza nani alimaliza kazi, nikajibu, "Sote."

Siku Laare walipokuja Karurumo, naye alikuja. Plasta ilikuwa imetoka, mkono umekonda na kovu jekundu. Nilishinda naye asubuhi nzima. Nilimpokea barabarani, nikamkalisha karibu nami, nikamletea chai, nikamletea andazi, na kila aliyekaribia kumsalimu nilimkatiza kwa maneno mengi. Wenzangu walidhani namjali, na yeye mwenyewe pia alidhani hivyo.

"Dada, hata mama yangu hakunishughulikia hivi," alisema, nikatamani sakafu ya kinu inimeze.

Akapangiwa kucheza na yule bingwa wa miraa. Akamchagua Mkulima, akatabasamu kama mtu aliyefika kwake. Akaliinua jembe. Nilikuwa nimesimama nyuma yake nikitazama kidole gumba, nami naapa kilikwenda sawasawa, vizuri kuliko changu siku yoyote. Jembe likashuka bila kupiga. Lakini bingwa hakuruka. Alitembea tu mbele, taratibu, akamshika Mkulima, akambwaga. Rafiki yangu akarudia. Bingwa akambwaga tena. Watu wa Laare walikuwa wamezitazama zile video mpaka wakachoka. Mtu akishajua kwamba jembe halipigi, kuna haja gani ya kuruka?

Raundi zikaisha upesi. Rafiki yangu akaweka pedi mapajani akautazama mkono wake, akiugeuza huku na huku. Hakumtazama bingwa hata kidogo.

Kisha akasimama. "Hii mkono imekataa," akawaambia watu wote. "Sitaki kuaibisha Karurumo. Mkulima nampatia huyu, kwa mdomo wangu, na nyinyi ni mashahidi. Nilimfundisha siri yake kitambo na hajawahi kuitumia bila mimi. Hakuna mwingine naweza kuamini."

Muuza spea alifungua mdomo, akanitazama, akaufunga. Wa Laare walitazamana. Nilikuwa na nafasi ya kusema, ndefu ya kutosha, na kila mtu alinipa. Nikanyoosha mikono miwili, nikaipokea ile pedi. Nikasema asante.

Tangu siku hiyo wenzangu huja, hucheza, lakini hawanitanii tena. Ningependa wangenitukana. Muuza spea alinitamkia sentensi moja tu: "Uende umwambie, ama nitaenda mimi." Nikamjibu kwa hasira kwamba hayamhusu, nikamfukuza, nikafunga mlango, halafu nikalia pale kwenye magunia kama mtoto aliyenyimwa.

Bado nikachelewa. Nikajiambia huenda amesahau, huenda anafurahia kupumzika. Kisha mke wake akapita kinuni na mtama wake, nikamuuliza habari za mkono. Akaniambia mumewe ameacha mazoezi. Tangu atoke Karurumo hajakishika kile kijiko. Anasema mkono ulishakufa, hakuna haja ya kumsumbua maiti. Vidole viwili vimeanza kujikunja vyenyewe, na sasa kukamua ni kazi yake yeye mke. Nilimsagia mtama wake nikakataa malipo, akanishukuru sana, na shukrani zile zikanimaliza.

Siku iliyofuata sikuwasha kinu. Niliteremka hadi kwao. Nilimkuta amekaa kivulini ukutani, mkono umelala mapajani. Alifurahi kuniona. Alivuta kiti kwa mkono wa kushoto, akauliza Mkulima anaendeleaje.

Nikamwambia nikiwa bado nimesimama, nikiogopa kwamba nikikaa sitasema. Nikamwambia kuhusu ile simu, na uongo niliowaambia wenzetu, na Laare, na zile video, na jinsi yule bingwa alivyojua kila kitu kabla hajakaa. Sauti yangu ilikuwa kali, kama ninayemgombeza yeye. Ndivyo nilivyo nikikosa.

Nilijiandaa kwa tusi, hata kwa kofi.

"Kwa hivyo si mkono?" akauliza.

"Si mkono. Kidole chako kilikuwa sawa. Nilikiona mimi mwenyewe. Ni mimi."

"Si mkono," akarudia.

Akamwita mkewe kutoka jikoni kwa sauti kubwa, akamwambia kwa Kimbeere, lugha ya kwao, kwamba mkono wake hauna neno, kwamba haukuwahi kufa, na macho yake yakajaa machozi. Mama wa watu akadhani nimeleta habari kutoka hospitalini. Alinishika mikono yote miwili akamshukuru Mungu kwa ajili yangu, akaniita dada yake, akakimbia kuteleka chai. Mumewe hakumsahihisha, nami sikuthubutu.

Alipokwisha kuingia ndani, yeye akanigeukia, machozi bado usoni.

"Chai utakunywa," akasema, "kwa sababu yeye ameshaiweka motoni. Halafu uende. Na usinipigie tena."

Chai ikaja, na maziwa mengi ya mgeni wa heshima. Mke wake alisimama mbele yangu akingoja kusikia ni tamu. Nikamwambia ni tamu, nikainywa yote ikiwa moto vile vile.