Springi za Pikapu ya Baba

Baba alikuwa na wake wawili na pikapu moja. Mama, mke mkubwa, alikaa Kilindoni. Mke mdogo alikaa shambani Kirongwe, na desturi ya nyumba yetu ilikuwa mmoja asikanyage uwanja wa mwenzake. Zamu ya Kirongwe ilianza Alhamisi, na baba aliishika kama anavyoishika swala, hata baada ya nyonga kumharibikia. Bodaboda hakuweza tena, wala ngazi ya basi dogo. Ilibaki pikapu, iliyonizidi umri, na dereva wake nilikuwa mimi.

Kumpandisha humo nako kulikuwa mateso. Tulimbeba kama gunia la nazi, naye alichukia kubebwa. Basi mama akatoa shauri kwamba fundi aishushe gari mbele, mzee apande mwenyewe. Nilishangaa, maana mama hakuwahi kuitakia heri pikapu ile. Siku zote aliiita kuwadi.

Fundi akaipiga jeki, akatoa springi za mbele, akazikata kwa grenda, akazirudisha fupi. Gari ikainamisha pua. Wahuni wa sokoni wakaisifia. Baba akafungua mlango, akageuza makalio, akaketi bila kushikwa na mtu. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akamwambia mama mbele yetu sote:

"Mungu akulipe, bi mkubwa. Umenirudishia miguu."

Mama akaitika amina.

Alhamisi tukaondoka, baba amejipaka udi kama bwana harusi. Mjini tulikwenda vizuri. Njia ilipoanza mawe, tumbo la gari likapanda jiwe ambalo miaka yote tulilipita bila kuligusa, oili yote ikamwagika. Nikampigia fundi. Akaja kwa bodaboda, akachungulia chini, akasema bila hata kumtazama baba:

"Mimi nilimwambia mama, mzee. Nikizikata hizi, Kirongwe gari haifiki tena. Akanijibu, kata."

Watu husema kikulacho ki nguoni mwako, na wakisema hucheka. Mimi nilitamani kulia.

Tulirudi tukivutwa na lori. Mama alikuwa amekwisha kutandika mkeka na kupakua wali wa watu watatu. Siku za zamu ya Kirongwe hupika wa wawili tu, wake na wangu. Nilimchukia pale pale, na kwa njaa yangu wali nikaula.

Simu ya baba ikalia. Mke mdogo alikuwa akiuliza mbona mzee hajafika, na chakula kinapoa. Mama akaichukua simu mkononi mwa baba, akajibu kwa upole:

"Zamu yako ipo palepale, mwenzangu. Sijaigusa."

Fundi aliziba tundu la oili, lakini springi ikikatwa haiungwi, na za gari kongwe kama ile hazipatikani tena hata Dar. Magari mengine yote yalikuwa marefu kwa baba. Kubebwa, baada ya kuonja kupanda mwenyewe, alikataa kabisa.

Alhamisi iliyofuata alivaa kanzu, akafungua mlango wa pikapu pale uani, akaketi bila kushikwa na mtu. Nikamwambia hatuwezi kwenda. Akasema anajua. Alikaa humo mpaka Magharibi ikaadhiniwa. Mama akampelekea chai dirishani, akamwuliza kama sukari imekolea.