Mkono Usioachiwa Upesi

Daktari wa wodi ya watu wazima pale hospitali ya Same akikupa mkono hauachii upesi. Anakujulia hali taratibu, huku vidole vyake vikipapasa kucha, ngozi, mapigo. Leo ameushika wa Kaanaeli, aliyeteremka kutoka milimani na mama mkwe wake, kavaa sweta mchana wa jua kali. Miaka sita sasa nyumbani anaitwa mvivu, na kila kipimo kinarudi safi.

"Mtoto wa mwisho, ulimnyonyesha?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hilo. "Maziwa hayakutoka, daktari. Nilipojifungua nilivuja damu nyingi mno."

"Basi nadhani tezi ndogo chini ya ubongo, inayoamuru maziwa na nguvu za mwili, ilikosa damu, ikaumia. Tutapima homoni. Dawa zipo."

Kisha akauweka mkono ule kwenye kiganja cha mama mkwe. "Hebu shika, mama. Uvivu una baridi hivi?"

Mama mkwe akaushika. Naye hakuuachia.